Darasa Lililopata Alama Zote

Saa mbili na dakika kumi asubuhi niliingia katika shule ya watoto wadogo ya kambi yetu ya reli, hapa Kamina, nikiwa na daftari na kalamu mbili. Nafasi ilikuwa imebaki ya mwalimu mmoja tu, na wazazi walinituma nichague kati ya walimu wawili waliokuwapo, Mama Ngoie na Mama Henriette, kwa sababu mimi, karani wa stoo, husoma vitabu. Ukaguzi nilijifundisha mwenyewe, juu ya mapipa na misumari: kitu kilicho sawa hakisogei.

Kwa Mama Ngoie watoto walinivamia. Mmoja aliingiza mkono wenye udongo katika mfuko wangu, akitafuta peremende.

"Baba Karani, weye iko na bonbon?"

"Acha aulize," Mama Ngoie alicheka. "Kuuliza njo kusoma."

Eti kuuliza ndiyo kusoma! Niliandika: fujo.

Kwa Mama Henriette watoto thelathini walikaa mikono juu ya magoti, kimya, dakika arobaini. Niliwahesabu mara mbili bila taabu, nikampa alama zote. Jumamosi Mama Ngoie alipanda treni ya Luena na mizigo yake.

Jumapili, baada ya misa, niliwaita wazazi darasani kwa Mama Henriette, watoto wakiwa wameketi mahali pao, waone nidhamu niliyowachagulia. Nilieleza kwa kirefu, hata kwa Kifaransa kidogo. Kisha niliinua rula ya Mama Henriette iliyokuwa mezani ili nionyeshe ubao, na watoto wote wakafunika vichwa kwa mikono, kwa pamoja.

Mama mmoja aliyesimama karibu nami alisema polepole:

"Shusha ile rula, Baba Karani."