Ruthu Anashuka Kaburini

Kwa miezi saba Ruthu aliomba msiba uingie nyumbani kwa Gerson. Hakuomba kwa sauti, maana yeye ni mwanakwaya na anajua Mungu ana masikio. Lakini kila asubuhi, alipokuwa akimwagilia mifuko yake ya uyoga, alihesabu kimoyomoyo wazee waliobaki katika ukoo wa Gerson: nani anakohoa, nani haamki tena mpaka ainuliwe. Usimwone mbaya kabla hujasikia habari yenyewe. Au mwone mbaya ukipenda, yeye hakujali.

Banda lake liko Kikuyu, nyuma ya nyumba anayoishi na dada yake Anna. Kuta amezizungushia magunia yaliyolowa maji, na ndani kuna giza na ubaridi ambao mwezi wa kumi huupati popote pengine Dodoma. Humo huning'iniza mifuko ya mabua ya mtama yaliyochemshwa na kupandwa mbegu, kisha hungoja uyoga wa aina ya mamama uchomoze. Ulio mzima hununuliwa na akina mama wa maofisini. Uliochanika na uliogeuka manjano, Anna alikuwa akiuanika juu ya wavu, na ukishakauka Ruthu humuuzia Gerson, aliyesema anauchanganya kwenye unga wa lishe.

Gerson ni mtani wake. Koo zao, zote za Kigogo, zinataniana tangu enzi za mababu waliokuwa wakiibiana ng'ombe, na utani wa koo si mchezo wa kijiweni. Ni sheria. Mtani akikutukana unacheka. Akimkamata kuku wako unamwambia karibu tena. Msibani mtani ndiye anayemwiga marehemu mpaka wafiwa wacheke na machozi yao, na ndiye anayeshuka kaburini kulizuia mpaka wafiwa watoe chochote cha kumwondoa. Neno la mtani halina kesi.

Kumbe biashara ya lishe Gerson alikwisha kuiacha. Alikuwa akiusaga uyoga ule, akautia kwenye vikopo vyenye picha ya uyoga mwekundu wa nchi za mbali, akauita Tiba Kuu, na kuuza minadani kwa kipaza sauti: sukari, presha, macho, nguvu za mwili, vyote kwenye kikopo kimoja. Siku moja akafika Kikuyu na kikopo cha zawadi kwa Anna, ambaye ana kisukari mwaka wa tisa sasa. Akaviona vidonge vyake juu ya kabati la vyombo, akacheka.

"Mtani, hivi wape kuku," alisema. "Kunywa hiki mwezi mmoja, utanifuata kwenye ngoma."

Anna akaviacha vidonge. Kwa wiki kumi na moja alikunywa unga ule asubuhi na jioni, na Ruthu, aliyekiona kikopo, alidhani dada yake anatumia vyote viwili. Kisha Anna akajikwaa kwenye jiwe la mlangoni. Kidonda kilikuwa kidogo cha kuchekesha, lakini hakikufunga. Kikawa cheusi, kikanuka. Hospitali wakamkata mguu wa kushoto, chini ya goti.

Muuguzi aliyekuwa akimfunga kidonda, Naima, Mrangi wa Kondoa asiyejua kupaka maneno mafuta, aliuliza alikuwa akitumia nini. Alipoambiwa, akawaeleza wote wawili. Uyoga ni chakula kizuri sana, alisema. Una protini, una nyuzinyuzi, haupandishi sukari kama ugali unavyoipandisha. Wapo wataalamu wanaouchunguza kama dawa, na huenda siku moja watapata jambo. Lakini hakuna uyoga ulioacha kazi ya mboga ukafanya kazi ya kidonge. Ale, ashibe, kisha ameze dawa yake. Ruthu aliyasikiliza maneno yale kama mtu anayeokota mawe ya kurusha.

Alimfuata Gerson mnadani, akamwambia yote mbele ya wateja. Gerson alisikitika, kweli alisikitika, kisha akasema alikuwa anatania. Wazee wa koo zote mbili wakakaa. Wakakuna vichwa, wakakubali kwamba mtani hashtakiwi kwa neno la utani, wakatoa mbuzi wa pole. Ruthu hakuonja hata mchuzi wake. Kwamba ndani ya vikopo mlikuwa na uyoga wake, hilo alilijua, na alikwisha kujijibu: mwenye kuuza kisu haulizwi habari za jeraha. Na Gerson aliendelea kuuza.

Akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Ruthu aliurudia msemo huo mpaka ukawa kama wimbo wa kwaya. Ikiwa Gerson amejificha ndani ya utani, basi atafuatwa humohumo. Kilichokosekana ni kaburi tu.

Likapatikana mwezi wa nane. Aliyefariki ni Mzee Bartolomayo, baba yake Gerson, katika kijiji chao karibu na Mtera. Mzee huyu alimwita Ruthu "mke wangu mdogo" tangu akiwa msichana, na kila mwaka alimletea samaki wakavu wa bwawani. Njiani Ruthu alimlilia kwelikweli, machozi ya mtu aliyefiwa. Kisha akafuta uso kwa ncha ya kanga na kukaza mkanda wa sketi.

Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya viti viwili, mchungaji ameshika kitabu, watani wanaume wameanza vituko vyao. Ruthu akakaa ukingoni, akavua viatu, akashuka. Watu wakacheka, maana hakuna aliyekumbuka kuona mwanamke akishuka kaburini. Gerson akarusha noti mbili. Zikarudi juu. Akaahidi mbuzi. Ruthu akasema mbuzi wa ukoo ule amekwisha kumwona. Hapo vicheko vikapungua.

"Nataka neno," alisema. "Waambie watu hawa vikoponi mwako mna nini. Ukisema, baba yako analala hapa. Usiposema, nalala mimi."

Jua likapanda. Dada zake Gerson wakalia, shangazi yake akamwita Ruthu mchawi, mchungaji akasihi kwa upole. Ruthu aliegemea ukuta wa udongo mwekundu, akatulia. Mtani hatolewi kaburini kwa nguvu, hilo walilijua wote, na Gerson alilijua kuliko wote. Kule chini kulikuwa na ubaridi kama wa bandani kwake. Alikuwa tayari kukaa mpaka kesho, na moyoni alisikia raha, raha mbaya, ya kumwona mtu akihangaika juu yake huku maiti ya baba yake ikisubiri.

Mwishowe Gerson akapiga magoti ukingoni.

"Ni uyoga wa kawaida na unga wa mtama," alisema kwa sauti ya kusikika. "Hauponyi sukari. Hauponyi presha. Kama kuna mtu hapa aliyeacha dawa zake kwa ajili yangu, azirudie leo."

Mzee mmoja aliyesimama karibu na jeneza alivua kofia, akamtazama Gerson, akaondoka kuelekea nyumbani kwake. Wengine wawili wakamfuata. Ruthu aliona utamu ukimshuka mpaka tumboni. Alishika ukingo ili apande. Lakini Gerson hakuwa amesimama.

"Na uyoga wenyewe nilinunua kwa huyu aliyemo humu," aliendelea. "Mwaka juzi nilimwambia lishe yangu haina soko. Akaniambia, sema unashusha sukari, watu watakukimbilia. Sikuyatunga mimi."

Ruthu akakumbuka. Ilikuwa mlangoni pa banda, mvua imekaribia, na alikuwa na gunia zima la uyoga mkavu alilotaka litoke kabla halijavunda. Alikuwa anacheka aliposema. Maneno ya kujitetea yakamfika mdomoni palepale, maneno matatu mepesi: mimi nilikuwa natania. Aliyameza. Akapanda mwenyewe, hakuna aliyempa mkono, na watu wakampisha kwa mbali mpaka alipofika kwenye viatu vyake. Mzee Bartolomayo akazikwa.

Alirudi Kikuyu siku ya pili. Anna alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, magongo yameegemea ukuta. Ruthu alitaka kumpa habari nusu, ile nusu nzuri, lakini kila alipofika mwisho wake ulimi ulienda wenyewe kwenye nusu nyingine. Akasema yote, mpaka la gunia, mpaka la mvua. Kisha akangoja dada yake amtukane.

"Hilo la maneno sikulijua," Anna alisema. "La uyoga nililijua."

"Uliujuaje, dada?"

"Nimeuanika kwa mikono hii miaka minne, nisiijue harufu yake? Gerson ni mwongo tangu utoto, kitu chake mimi ningekinywa? Nilikunywa kwa sababu ulikuwa wako, mdogo wangu. Nikasema, Ruthu hawezi kuwapa watu kitu kibaya."

Alisema bila uchungu wowote, kama anayeeleza alivyopika mboga. Ruthu alikaa chini kwenye vumbi, karibu na ule mguu uliobaki. Hasira aliyokwenda nayo Mtera ilikuwapo bado, nzima, haijapungua hata chembe, ila hakuwa tena na safari ya kuipeleka popote.