Fainali ya Mobeni, Siku Ardhi Ilipocheza

Kule Mobeni, mtaa wa viwanda ugenini kwa Wazulu, ghala letu la rangi na ghala la biskuti yalitenganishwa na uzio wa waya tu, na ushindani wetu wote ulikuwa wa besiboli. Msimamizi mmoja alileta magongo na glavu, akatufundisha, na mwaka ule tukakutana fainali, saa ya chakula cha mchana, kwenye nyasi nyuma ya maghala.

Gongo lilikuwa mkononi mwangu. Mrushaji wao alikuwa mama mmoja wa Bukavu, jirani yangu kule Umbilo. Asubuhi hunisalimia kwa upole; uwanjani hunirushia mpira kana kwamba hanijui. Nilishakosa mara mbili. Nikikosa ya tatu, ubingwa ni wao.

Akainua mkono, akaganda hivyo hivyo, macho chini.

"Inakuja," alisema.

Sikumwelewa. Kisha nikaisikia kwenye nyayo. Uzio ukaanza kulia, maji ya kunywa yakatetema kwenye ndoo, na ukuta wa ghala letu, ule ukuta mkubwa, ukapepea kidogo kama pazia. Ndege wakaruka wote kwa pamoja.

"Eish, ni treni?" mwenzangu Mzulu aliuliza. Watu wakaanza kukimbilia milangoni, kwani mabegi yao yalikuwa ndani.

"Musiingie! Mubaki hapa kwenye majani! Ni tetemeko!" Mama alikuwa amesahau Kiingereza chote. Mimi nikawa natafsiri kwa kupiga kelele.

Tukakaa chini, timu zote mbili, tumechanganyikana. Mpakiaji wa biskuti nisiyemjua alinishika mkono, nami sikuutoa.

Ilipita upesi. Mashine zote zilikuwa zimezimika, na kwa mara ya kwanza nikasikia upepo wa Mobeni. Kwetu Bujumbura ardhi ilishanitikisa, lakini nikiwa kitandani, chini ya bati. Sikuwahi kuiona mchana kweupe, chini ya mbingu tupu, ikijigeuza kama mnyama aliyelala.

Refa wetu, mzee Mzulu dereva wa forklifti, gari la kuinulia mizigo, alivua viatu akasimama pekupeku.

"Nimeikanyaga maisha yangu yote," alisema. "Sikujua inaweza kuamka."

Hakuna aliyeumia. Wasimamizi walipokuwa bado wanakagua kuta, mtu akauliza, na fainali je? Refa akarudi mahali pake bila viatu.

"Umebaki mpira mmoja."

Mama akarusha. Nikazungusha gongo, nikapiga hewa. Biskuti wakawa mabingwa, na sisi wa rangi tukawashangilia kuliko walivyojishangilia wenyewe, tukikumbatiana nao, wengine wakilia.

Jioni tulishuka Umbilo pamoja, mimi na yule mama. Tulitembea polepole, kila mmoja akiikanyaga ardhi kwa adabu.