Kilima cha Mwalimu Rigobert

Ukaidi wa Mwalimu Rigobert haukuwa na dawa. Mtu wa Masisi, huko milimani kwao, hajui nchi isiyo na mlima. Kwake neno la Kifaransa prairie ni malisho ya ng'ombe mteremkoni, ukungu asubuhi, jibini jioni. Basi mwaka wa 1994, mkewe Victorine, pamoja na binti yao Bahati, alipopokelewa Kanada kama mkimbizi, akaandika kwamba wamewekwa kwenye prairie, Rigobert alishangilia peke yake katika chumba chake mtaani Jette, Brussels.

“Ah bon! Kumbe wako sawa na nyumbani!”

Yeye alikuwa Brussels tangu mwaka wa 1991, akipiga deki korido za hospitali. Ili awafuate, ilibidi Victorine atie sahihi karatasi ya kumwita. Karatasi hiyo tu. Victorine aliomba kwanza apate kazi, kisha nyumba. Rigobert akangoja, na ili kungoja kusimtie wazimu, akawa anatunga shairi la prairie kila mwezi na kumpelekea.

Jibu la kwanza lilikuja haraka: “Papa Bahati, mashairi ni mazuri, lakini huku ngombe haiko, na mulima haiko hata moja. Ni ngano na mbingu tu. Muntu akitoka kwake asubui, mpaka saa sita ungali unamuona mugongo. Mi naogopa. Hakuna pa kujificha.”

Rigobert aliwaondoa ng'ombe katika mashairi yake, akatia ngano. Kilima hakukigusa, ng'o!

Jumapili alikuwa akienda soko la Gare du Midi kumsomea Kassimu, Mrundi wa Bujumbura aliyeuza vitambaa na aliyejua mashairi tangu madrasa.

*Mama Bahati simama, kilimani nitazame,*
*Ngano kote zainama, nakuja usilalame.*

“Vina sawa, mizani sawa,” alisema Kassimu. “Lakini Mwalimu, mkeo si amesema hakuna kilima?”

“Alors, atasimama wapi anione nikikuya?”

“Ewe bwana! Nchi tambarare mtu anaonekana bila kupanda popote. Kitoe hicho. Na amesema anaogopa. Hilo umemjibu?”

“Kassimu, shairi haiko picha ya pasipoti.”

Wakacheka, na Rigobert akaenda kununua stempu.

Miaka minne ilipita hivyo. Barua za Victorine zikawa fupi, zikawa kadi, zikawa kimya. Halafu Jumamosi moja ya mwaka wa 1998 ikafika bahasha nene. Rigobert aliipapasa, akahisi karatasi nyingi ndani, akapiga magoti palepale ngazini kumshukuru Mungu. Hakuifungua. Kesho yake alivaa suti yake ya harusi akaipeleka sokoni, maana furaha ya peke yako inakaba koo.

“Imefika!” alimpigia Kassimu kelele kutoka mbali. “Karatasi imefika!”

Akaichana. Yakamwagika juu ya vitambaa mashairi yake, yote, yamekunjwa vizuri, na barua moja fupi ikiyafuata. Ilianza: “Rigobert.”

Mungu wangu. Kwao, mke anakuita baba wa mtoto wake mpaka kaburini. Siku akikuita jina tupu, hakuna haja ya kusoma zaidi. Hata hivyo alisoma.

“Rigobert, nilikuambia tangu mwanzo mulima haiko. Nilikuambia naogopa. Miaka ine unanisimamisha ku mulima yenye haiko, nikungoje. Nimechoka kusimama. Karatasi sitaisinye, sahihi yangu haiko. Bahati anakusalimia.”

Wateja walipita wakiulizia bei. Kassimu aliwafukuza kwa mkono. Rigobert aliomba kalamu.

“Ya nini, ndugu yangu?”

“Nitoe kilima. Nikitoa leo na kumurudishia, donc ataona nilisikia.”

“Mwalimu, acha.”

Hakuacha. Alipiga magoti katika suti yake, akafuta neno hilo, shairi baada ya shairi, wino ukichafua vitambaa vya watu. Alipofika kwenye lile la Mama Bahati akafuta “kilimani”, akalisoma kwa sauti, na mstari ukakwama katikati.

“Sasa anasimama wapi?” aliuliza.

Kassimu alimnyang'anya kalamu taratibu.

“Chini, Mwalimu. Alikuwa hapo chini siku zote, peke yake, anakuambia.”

Rigobert akajifunika uso kwa kitambaa kimoja chenye wino, akalia soko zima likimtazama.