Glenys Ollerenshaw na Neno Lililowafungia Wauguzi

Kwa miaka kumi na tisa Glenys Ollerenshaw alisoma tafiti za tiba kwa niaba ya watu wasiokuwa na nafasi ya kuzisoma. Kamati ya afya ya mji wetu, hapa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, iliamua huduma zipi ziendelee na zipi zifungwe, naye ndiye aliyeitafutia ushahidi. Ikiuliza swali, alisoma wiki mbili, kisha akaleta jibu katika ukurasa mmoja. Wa pili haukupokelewa.

Mwaka ule swali lilihusu huduma ya pamoja. Kamati ilitaka kuwaondoa wauguzi sita waliozunguka majumbani wakifunga vidonda vya wazee, na badala yao ianzishe kituo cha simu ambamo watu wa hospitali, wa zahanati na wa ustawi wa jamii wangekaa chumba kimoja. Hivyo, walidai, wazee wangelazwa mara chache zaidi.

Glenys alipata tafiti kumi na nne. Kumi na moja hazikuona tofauti yoyote. Tatu ziliona nafuu kidogo, na mojawapo ilikuwa na wagonjwa thelathini tu.

Bernadette Rigby, kiongozi wa wauguzi wale, alimkuta akichemsha maji ya chai ofisini.

"Haya, bibie wa makaratasi. Tunapona au tunazikwa?"

"Siruhusiwi kusema, Bernie."

"Aa, kumbe leo umekuwa jaji!"

Glenys akapunguza sauti. "Ushahidi uko upande wenu."

"Basi waandikie hivyohivyo. Usianze adabu zako."

Aliandika hivyohivyo: mpango huu haupunguzi kulazwa. Daktari Clive Entwistle, mwenyekiti, aliurudisha ukurasa siku hiyohiyo.

"Glenys, dada, unatugombeza kama watoto. Lainisha kidogo."

Akalainisha. Akaandika kwamba matokeo ya awali "yanatia matumaini". Kwa wasomaji wa tafiti, maneno hayo ni onyo: ushahidi ni mdogo na dhaifu, msiamue lolote. Lakini wanakamati hawakuwa wasomaji wa tafiti, na hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko Glenys. Kuwafafanulia ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Kikaoni mwenyekiti aliisoma sentensi ile kwa sauti.

"Mmesikia wenyewe. Hata Glenys ana matumaini, na mnamjua, hata jua likiwaka anabeba mwavuli."

Wakacheka. Mjumbe mmoja akauliza, "Hii 'awali' maana yake nini?"

"Maana yake sisi tutakuwa wa kwanza."

Glenys alikuwa kwenye viti vya ukutani, wanakokaa watumishi. Mtumishi hasemi mpaka aulizwe. Sheria hiyo haikuandikwa popote, ni adabu tu, nami siihesabu kuwa udhuru. Mikono ikainuliwa, wauguzi wakafungiwa kazi, naye akafunga kalamu yake.

"Uliandika matumaini?" Bernadette alimuuliza mlangoni.

"Kitaalamu maana yake ni kwamba..."

"Maana yake kwa nani, Glenys?"



Baada ya mwaka na nusu kamati iliagiza tathmini. Wazee walikuwa wanalazwa zaidi kuliko zamani, wengi kwa vidonda vilivyooza walipokuwa wakingoja kupigiwa simu. Safari hii Glenys hakulainisha neno, na alisimama kabla ya kuulizwa.

"Mpango umeshindwa. Warudisheni wauguzi."

Daktari Entwistle hakubisha, wala hakukasirika. Alionekana amechoka.

"Wauguzi gani, dada?"

Wawili walikuwa wamestaafu. Watatu walikwenda Australia. Bernadette alikuwa akihudumu kwenye kliniki ya mbwa na paka, na Glenys alipompigia kumsihi arudi, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kuna paka mezani, akakata.

Nafasi sita zilitangazwa majira ya kuchipua. Zikatangazwa tena vuli. Hakuna aliyeomba.