Kifungo cha Begi la Twiga

Sauti yenyewe ni ndogo: tak, kama mtu amevunja kijiti kikavu. Juzi niliisikia nikiwa nimekaa na avokado zangu kando ya barabara, Kisii mjini. Kijana mmoja wa kupelekea watu vifurushi kwa baiskeli alisimama mbele yangu, akabonyeza kitu kifuani, na begi likamtoka mgongoni lenyewe. "Mathe, hizi ni ngapi?" akauliza. Nilikuwa namwangalia kifuani, na mkono wangu wa kulia, huu ambao vidole vyake vitatu havikunjuki, ulikuwa umekwenda kupapasa kifua changu mwenyewe.

Wacha niwaambie nyinyi, maana nimenyamaza miaka mingi, na wale waliotaka ninyamaze wameshazikwa.

Kwetu ni Tabaka. Baba yangu alichonga yale mawe laini, na sisi watoto tulikula vumbi lake jeupe pamoja na ugali. Alikuwa fundi wa twiga. Sasa shida ya twiga ni shingo. Ukimfunga kwenye keria ya baiskeli, kila shimo la barabara linataka kichwa, na mwenye duka mjini alikuwa akifungua mzigo wetu anacheka, "Mzee, leo umeniletea mbuzi?" Baba hakucheka. Kiuno chake kilikuwa kimeharibika, baiskeli hapandi tena. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, miguu mirefu, na barua ya kuitwa kidato cha kwanza. Mzigo mmoja wa twiga, wakifika wazima, ungenipeleka shule. Baba akaamua watasafiri mgongoni kwangu, kwa sababu mgongo wa mtu unajua kukwepa shimo.

Tulienda watatu kwa Mzee Abdalla, aliyekuwa akishona kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja: baba, mimi, na mjomba Momanyi, ndugu ya mama. Momanyi alikuwa akiishi kwetu. Hakuchonga, hakulima, lakini suruali yake aliilalia chini ya godoro ipate mstari. Nilichagua turubai ya kijani iliyokatwa kwa lori, bado inanuka mafuta. Ndani Abdalla akashona vipande vya blanketi, kila twiga na kitanda chake. Kisha akatoa kwenye mkebe kifungo cha mkanda wa gari, cheusi, chenye kitufe chekundu.

"Kushika mzigo hata gunia linashika," alisema. "Begi la baiskeli lazima lijue kukuachilia."

Akalijaza mawe, akanivalisha, mkanda ukapita kifuani. "Bonyeza, binti yangu!" Tak. Begi likaanguka puu, mguu wa baba ukaponea chupuchupu, na waliokuwa barazani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Abdalla peke yake hakucheka. "Breki zikikataa, kwanza unabonyeza, ndipo unaruka. Sema." Nilisema mara tatu kama mtoto wa madrasa. Momanyi alikuwa ameinama anakipapasa kile kifungo. "Aii, shemeji," akamwambia baba, "kitu kizuri hivi kinawekwa kwa begi?"

Asubuhi ya safari kulikuwa na manyunyu. Momanyi, ambaye jua lilikuwa likimkuta kitandani kila siku, aliamka kabla yetu. "Leo nampakia mimi mwenyewe," akasema, na akanivalisha begi giza likiwa bado halijaisha nyumbani. Mama akaja na nailoni, akanifunika mabega na kifua, akailainisha kwa mikono miwili nisilowe. Vidole vyake vikafika katikati ya kifua changu, vikasimama. Vikakaa hapo. Nilijua ananiombea, nikafumba macho. Mama yangu alikuwa mtu wa "kimbia, Moraa, utachelewa," tangu nijue kutembea. Siku ile alisema, "Enda polepole."

Milima niliisukuma, miteremko nilishuka nimekaza breki, na twiga walikuwa wamelala kimya mgongoni. Mteremko wa mwisho kabla ya mji ulikuwa umelowa. Nikaona kilima cha Nyanchwa mbele, nikaanza kufurahi. Nikabana breki. Waya wa mbele ukakatika. Raba za breki ya nyuma zikateleza tu kama sabuni. Upepo ukaanza kunipigia nailoni masikioni, na mama mmoja aliyebeba ndizi akaruka mtaroni anaita Nyasae, Mungu wetu.

Kwanza unabonyeza. Nikaachilia mkono mmoja, nikapenyeza chini ya nailoni, nikatafuta kitufe. Nikapata fundo. Fundo la kamba ya katani, limelowa, gumu kama jiwe la baba. Nikalikwaruza kwa kucha. Baiskeli inazidi kwenda. Begi likahamia ubavuni, uzito wote ukanivuta upande, na ukuta wa daraja dogo ukanijia. Niliutangulizia mkono. Twiga wakaja juu ya mkono.

Watu walikata mkanda kwa panga ili wanitoe. Begi lilipotelea hapo hapo.

Hospitalini baba alisema nilisahau kubonyeza. Halafu akaenda kumtukana Abdalla mbele ya wateja wake. Yule mzee aliomba kitu kimoja tu, "Nileteeni kifungo nikione," na hakuna aliyekuwa nacho. Mimi nilisema kulikuwa na fundo. Wakasema mtoto ameumia kichwa.

Siku ya tatu Momanyi alikuja kuniona, mama akiwa amekaa kando yangu. Alikaa kitandani kwangu, akala ndizi nne nilizoletewa mimi, akashusha pumzi, akapeleka mkono chini ya shati kulegeza suruali. Tak.

"Mama, hiyo ni kifungo yangu!"

"Ziko nyingi mjini, wee mtoto," Momanyi akacheka, akavuta shati.

Mama alinifunika shuka mpaka kidevuni. "Lala, Moraa."

Shule iliishia hapo. Kuandika nilijifunza upya kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zangu zinalala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Momanyi alizeeka vizuri, na kwenye mazishi yake wakasema alikuwa mtu wa watu. Basi mimi nasema: ni Momanyi aliyeniharibia mkono, ili apendeze kiunoni. Abdalla hakukosa lolote, na alikufa bila mtu wa kwetu kumwomba msamaha.

Nilidhani hesabu ya wakosaji imeishia kwa mmoja. Lakini juzi yule kijana alichukua avokado tano, nikazitia kwenye mfuko, nikaufunga fundo, na kwa vile manyunyu yalikuwa yameanza nikaufunika kwa kipande cha nailoni. Nikailainisha kwa kiganja. Vidole vikasimama vyenyewe.

Nailoni ni nyembamba. Fundo chini yake hata mkono huu wangu mbovu unalihisi.

Mama alilihisi. Angemwambia baba, ndugu yake angefukuzwa asubuhi ile ile. Basi akachagua, mikono yake ikiwa bado kifuani kwangu. Na kwa mara moja tu maishani mwake, akaniambia niende polepole.