Laini ya Umeme ya Kwenda Uganda Ilisimama Kisian Ikisubiri Shoka

Wakuu, vuteni viti. Haya yamenipata mimi mwenyewe na chumvi sijaongeza.

Baada ya chuo nilipata kazi ya majaribio kwa kontrakta anayejenga laini kubwa ya umeme, ile ya kuunganisha gridi yetu na ya Uganda. Kazi yangu ni kuongea na familia zinazopisha waya. Mimi ni mtoto wa mjini, mtaa wa Milimani, kijijini naenda matanga tu.

Nyuma ya Kisian lilibaki boma moja, la Mzee Okelo. Nyumba mpya alishajengewa, lakini hahami.

Bosi akaniambia, "Ijumaa ikimkuta hapo, natafuta mtu anayejua kuongea na wazee."

Usingizi ukaisha. Nilimsalimia vibaya? Ni ule uji wa mkewe niliokataa siku ya kwanza kwenda kwao? (Ulikuwa moto jamani.)

Nikaona nimsaidie. Nikaja na lori, vijana wakapakia kitanda chake. Mkewe akatoka jikoni mbio.

"We msichana! Kitanda kinaenda wapi bila mwenyewe?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Nyar Milimani, binti wa mjini, kwenu watu huhamishwa kama magunia ya soko la Mamboleo? Teremsha!"

Nikakaribia kulia. "Baba, nimekukosea nini?"

"Hujakosa. Boma jipya haliingiwi ovyo. Mimi nabeba jogoo, mama moto, kifungua mimba wangu shoka. Sasa huyo kijana yuko Jinja, anavuta waya wenu huo huo upande wa Uganda. Wamemnyima ruhusa."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini nitahama. Kwa nini sihami, hukuuliza."

Nikaandika meseji kwa bosi, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Mwisho nikapiga simu.

Nikamweleza yote, akauliza: "Kwa hivyo laini yangu inasubiri jogoo?"

"Jogoo tunaye, bosi. Tunasubiri shoka."

Alicheka, akawapigia wenzake wa ng'ambo. Alhamisi kijana akashuka Kisian, na jioni wakaingia wote watatu: shoka, jogoo, moto. Wakalala huko.

Ijumaa asubuhi nilimkuta jogoo akiwika kwenye nyumba mpya, mafundi wakipima njia ya waya. Mama akanipa uji. Bado moto. Nikaunywa wote, ulimi ukaungua, na moyo ukatulia.

Nimejifunza hivi: mtu akikunyamazia, muulize yeye. Usijijibu kichwani.

Waliowahi kuhamisha boma, kwenu kifungua mimba akiwa mbali mnafanyaje? Na nisaidieni jingine linalonisumbua: ile nyumba ya zamani ikibomolewa, kimila natakiwa niwepo au nikae mbali?