Jalada Nililosema Halisomeki

Mtunza nyaraka wetu alikuwa na mafungu matatu mezani, na hakutaka kusikia habari ya la nne. La kwanza lilikuwa la karatasi nzima. La pili lilikuwa la karatasi zilizoguswa na mchwa lakini bado zina maneno. La tatu lilikuwa la zisizosomeka, zile ambazo ukungu na maji ya mvua vilikuwa vimekwisha kuzila, ukizishika zinabaki vidoleni kama unga. Fungu hilo la tatu lilichomwa kila Ijumaa mchana nyuma ya ghala, baada ya kuandikwa kwenye daftari la orodha. Ninachotaka kusimulia kinahusu fungu la tatu. Nimekaa nacho miaka mingi na kimenichosha.

Ilikuwa likizo ndefu ya mwaka wangu wa pili chuo kikuu. Azimio lilikuwa bado la moto, na sisi wanafunzi tulikuwa wa moto kulishinda. Chuo kilimtuma mtunza nyaraka Bukoba kukusanya makaratasi ya mabaraza ya zamani, ya kesi za gombolola, zile tarafa za machifu, kabla hayajaisha kwa mchwa. Alikuwa mtu wa kusini, mpole, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kutafutia ile ya kwanza. Kihaya hakujua hata neno moja. Ndiyo maana alichukua wanafunzi wawili wa huku kumsaidia, mimi na msichana mmoja wa Kitendaguro.

Tulipewa ghala lililokuwa tupu, si mbali na ziwa. Asubuhi tulifungua madirisha, tukafuta meza, tukakaa. Msichana alisafisha kwa brashi laini na kung'oa pini zenye kutu kwa kisu butu, akizitumbukiza kwenye kopo la maziwa. Mimi nilisoma. Ya Kiswahili na Kiingereza mzee aliyasoma mwenyewe, lakini ya Kihaya yalikuwa yangu. Nilisoma, nikamwambia kwa ufupi ni kesi gani, ya nani na nani, na jalada liende fungu gani. Msichana akaandika kwenye daftari. Kisha tulifunga kwa kamba ya katani na kuweka kwenye boksi. Hiyo ndiyo kazi, siku nzima, na mchana tulikula ndizi. Mzee alizitazama zile ndizi kwa huzuni.

"Jana ndizi," alisema. "Leo ndizi. Kesho je?"

"Kesho tutakubadilishia," msichana akamjibu. "Tutaweka na maharage."

Alituamini. Hakuwahi kurudia kusoma nilichosoma, na asingeweza. Nikisema jalada halisomeki, kwake lilikuwa halisomeki. Aliwahi kuniambia kuwa mtu anayesoma kwa niaba ya mwenzake amebeba macho yake, kwa hiyo asiyadondoshe. Nilicheka. Nilidhani anazungumza juu ya ile miwani.

Sasa lazima niseme mimi ni nani, na hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Kule chuoni nilikuwa msemaji. Kwenye mikutano ya vijana nilisimama juu ya benchi kulaani makabaila na wanyonyaji, na nilipoulizwa kwetu ni watu gani, nilijibu kuwa ni wakulima wadogo wa kahawa. Haukuwa uongo mtupu, kwa sababu nilichuma kahawa tangu nikiwa mdogo, na kucha zangu zilishuhudia. Ila nilikuwa nimeacha nusu. Babu yangu, upande wa Muleba, alikuwa mtwazi wa nyarubanja. Yaani vibanja vya watu wengi, mashamba yao ya migomba na kahawa, vilihesabiwa kuwa vyake, nao waliovilima na kuzaliana humo waliitwa watwarwa, na kila mwaka walimpelekea mikungu ya ndizi na mitungi ya pombe ya rubisi, na walipiga magoti. Serikali ilikuwa imekwisha kufuta mambo hayo. Aliyekuwa mtwarwa sasa kibanja ni chake, mradi aonyeshe kuwa kweli alikuwa mtwarwa na siyo mtumishi tu aliyewekwa kulinda shamba.

Baba yangu, wakati huo, alikuwa akisema juu ya kibanja kimoja kuwa waliokuwamo walikuwa watumishi tu.

Nilijua hilo kwa mbali, kama mtoto anavyojua magomvi ya wakubwa. Nikiwa Bukoba nililala kwa shangazi yangu, kule Nyanga, na habari za Muleba sikuziuliza. Halafu tukaenda Muleba na gari la kuazima, tukaleta maboksi saba kutoka stoo ya baraza la zamani, na Jumatano nikafungua boksi la tatu na kumkuta babu.

Lilikuwa jalada jembamba, kurasa sita, kavu kabisa. Mchwa hawakuligusa. Mwandiko ulikuwa wa karani mwenye mkono mzuri, herufi zimelala upande mmoja. Mtu mmoja alimshtaki babu kuwa anamsogezea mpaka. Baraza lilikwenda likatazama mstari wa miramura, ile mimea tunayopanda mpakani, likawahoji majirani, na mwisho babu mwenyewe alikiri mbele ya watu kuwa huyo ni mtwarwa wake, na baba yake kabla yake, na kwamba kibanja kinaanzia kwenye jiwe fulani hadi kwenye kijito. Chini kulikuwa na alama ya dole gumba la babu. Nilikitambua kibanja, ndicho kile alichokisemea baba. Nilikuwa nimekula ndizi zake.

"Hilo la nini?" mzee akauliza.

"Bado nalisoma," nikajibu, nikaliweka chini ya kiwiko changu.

Ningependa kusema nilimwogopa baba. Ningeonekana nafuu. Lakini sikumfikiria baba. Nilichofikiria ni msichana wa Kitendaguro kuandika jina la babu kwenye daftari, karibu na neno mtwazi, kisha kuinua macho na kunitazama. Nilifikiria wenzangu chuoni. Na chini kabisa, chini ya hayo yote, nilifikiria kuwa kibanja kile siku moja kitakuwa changu. Hilo la mwisho nimechukua miaka mingi kulikubali.

Alhamisi alikuja mwanamke mmoja. Alikuwa mtu mzima, pengine umri wa shangazi yangu, amejifunga khanga mbili safi, miguu ina vumbi la barabarani mpaka magotini. Alikuwa ametoka Muleba. Alisikia kuwa makaratasi ya baraza yamechukuliwa na watu wa serikali, akaogopa. Alimpigia magoti mtunza nyaraka, naye akaruka juu kwa aibu akimwomba ainuke. Kisha mama akafungua kifurushi cha majani ya mgomba, akatoa akamwani, kahawa ya kutafuna tunayompa mgeni, akatugawia sote. Kumbe sisi ndio tulikuwa wageni wake. Nilitafuna.

"Muulize anataka nini," mzee akaniambia.

Alieleza kwa Kihaya, na mimi nilitafsiri. Marehemu mume wake alishitakiana na mtwazi barazani, karani akaandika. Sasa kamati ya ardhi inataka ushahidi. Mashahidi wote wamekwisha kufa. Mume wake amezikwa ndani ya kibanja, lakini wanasema hata mtumishi huzikwa. Alitaja jina la mume wake. Alitaja jiwe, akataja kijito.

Nilitafsiri vizuri sana, sikuacha kitu. Hilo ndilo linalonishangaza hata leo, jinsi nilivyotafsiri kwa uaminifu.

"Umeliona hilo?" mzee akauliza.

"Nimeliona," nikasema. "Limeoza. Halisomeki."

Alisikitika kweli. Alivua miwani. Akasema basi angalau mama alione, asije akadhani tunamficha. Hapo ilikuwa nafasi yangu, mtu yeyote angeiona. Ningeweza kujipiga paji la uso na kusema, samahani mzee, nimechanganya. Badala yake nilikwenda kwenye fungu la tatu, nikachagua bunda moja lililooza kuliko yote, jeusi, limeshikana kama kipande cha sabuni iliyolowa, nikalileta kwa mikono miwili na kumwekea mbele.

Alilitazama muda mrefu. Aliligusa kwa kidole kimoja. Kipande kikabaki kwenye ncha ya kidole chake, naye hakukifuta.

"Ni hili?" aliniuliza.

"Ni hili, mama."

"Na jina lake limo humu?"

"Lilikuwamo."

Akanitazama usoni, siyo kwa shaka, kwa upole tu wa mtu anayetafuta nyumbani kwa mwenzake. "Waitu, mwanangu, wewe ni wa wapi?"

"Wa Nyanga," nikasema.

"Mungu akubariki kwa kunisomea."

Mtunza nyaraka alimwandikia barua ya kupeleka kwenye kamati, kueleza kuwa jalada lilikuwapo ila limeharibika na haliwezi kusomwa. Aliiandika kwa moyo mzuri, akidhani inamsaidia. Kumbe barua ile ndiyo iliyomfunga, kwa sababu baada yake hakuna mtu ambaye angelitafuta tena. Mama aliikunja mara nne, akaitia kwenye pindo la khanga, akafunga fundo.

Jioni ile nilimsomea msichana wa Kitendaguro orodha ya fungu la tatu. Nilitaja namba ya jalada, akaandika, halisomeki. Aliniuliza kama nina homa, maana nilikuwa natoka jasho. Mwandiko ni wake na uongo ni wangu. Kama daftari lile bado lipo, mwenye kulifungua atamdhania yeye.

Ijumaa tulichoma. Nilikuwa nimeliingiza lile jalada katikati ya bunda moja, na niliomba mwenyewe kushika kijiti cha kuchochea, nikasema moshi unamdhuru mzee. Makaratasi yaliyooza hayashiki moto upesi, huvuta moshi tu. Lile lilishika mara moja kwa sababu lilikuwa kavu. Lilijifungua lenyewe kwa joto, ukurasa baada ya ukurasa, na ule mwandiko mzuri wa karani ulisomeka mpaka ukageuka majivu. Hata kwenye majivu ulisomeka kidogo. Nikaupiga kwa kijiti.

Nilikwenda kuungama, ndiyo. Nilimwambia padri kuwa nimesema uongo kazini. Akanipa Salamu Maria tatu. Nilizisali nikitembea, kabla sijafika barabarani nilikuwa nimemaliza, nikajisikia mwepesi. Mpumbavu mimi.

Kamati ilikaa, barua ikasomwa, na yule mama akatolewa kwenye kibanja. Alikwenda kuishi kwa binti yake kijiji cha jirani. Baba alimshukuru Mungu kanisani. Mimi nilirudi chuoni, nikasimama tena juu ya benchi, lakini sauti haikuwa ileile, na baada ya muhula mmoja niliacha. Wenzangu walinitania kuwa nimeanza kuzeeka. Mtunza nyaraka aliniandikia barua nzuri ya kunisifia, na kwa barua hiyo nilipata kazi yangu ya kwanza, kazi ya nyaraka. Nimeifanya maisha yangu yote. Wanafunzi waliokuja kunisaidia waliniona mkali kupita kiasi, kwa sababu fungu la tatu nilikuwa nalisoma mwenyewe, karatasi moja moja, hata kama ni vumbi tupu.

Baba alifariki miaka michache baada ya hapo, vijiji vya ujamaa vikiwa vimepamba moto. Alikuwa ameagiza azikwe kwenye kibanja kile. Watu walijaa. Mimi, mwanawe mkubwa na mrithi, nilikaa mbele nikipokea pole. Siku ya pili ya matanga, wanawake walipokuwa wakileta ndizi za kulisha wafiwa, nilimwona yule mama akija na mkungu kichwani. Alikuwa amezeeka. Aliutua mkungu jikoni pamoja na ya wengine, akaja mpaka nilipokaa, akapiga magoti kama desturi inavyotaka kwa mwenye kibanja.

Aliinua uso na kunitazama. Nikamwona ananitambua. Ilichukua muda mfupi tu. Macho yake yalitoka usoni kwangu yakaenda kwenye kaburi la baba, lenye udongo mbichi, yakarudi. Nilingoja apige kelele. Nilitamani apige kelele, watu wote wasikie, yaishe.

"Pole, waitu," alisema. "Wewe ni yule wa Nyanga."

"Ndiyo, mama."

Akaonyesha kwa kidevu migomba ya upande wa kijito. "Mume wangu yuko pale. Majani yamemfunika. Nilikuwa naomba, kama hutachukia, niwe nakuja kumpalilia."

Kulikuwa na watu wengi, wazee wa ukoo wamekaa kulia na kushoto kwangu, wote wakingoja jibu la mwenye kibanja. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa machache tu, na yote nilikuwa nimeyasoma.

Nikampa ruhusa. Naye akanishukuru.